Fimbo ya Kusikilizia

Saa nane za usiku, Nagasaki.
Tramu ya mwisho imelazwa karakanani.
Ngazi za Inasa hazina mtu
ila mimi na Kuwabara, fundi wa idara ya maji,
amumunyaye peremende ya tangawizi,
asiyemwamini Mungu wala miungu.

Kazi yetu ni kuisikiliza lami.
Fimbo ya chuma, ncha moja barabarani,
nyingine sikioni.
Chini yetu mabomba ya zamani
yanavuja gizani, wala hayaiti mtu.

Wiki ya kwanza nilisikia mto.
Mbele ya duka la tofu, mto.
Mbele ya shule, mto.
Kwenye kizingiti cha kanisa, mto tena, umefurika!
Nikachora misalaba ya chaki mtaa mzima.
Kuwabara akacheka hadi peremende ikamtoka.
"Unaikandamiza," alisema. "Ukiikandamiza fimbo
unasikia damu yako mwenyewe ikipita.
Wapo waliochimbua mitaa kwa ajili ya damu yao."

Nikaenda nyumbani na neno hilo
kama kijiwe ndani ya kiatu.

Kwa maana mimi, Tomoe Iwanaga,
niliyebatizwa Marina nikiwa na siku nane,
uzao wa watu waliosali kwa kunong'ona karne mbili na zaidi
mbele ya sanamu iliyojifanya sanamu nyingine,
nimemsemesha Mungu miaka arobaini bila kituo,
rozari mbiombio kama mtu anayehesabu chenji.
Nikiomba jibu, nalipika mwenyewe,
nalipakua, nalila,
kisha nasema: Bwana amenena.
Ndiye Bwana aliyeniambia nisimpigie simu dada yangu
tangu mazishi ya mama. Miaka sita.
Aliniambia waziwazi,
kwa sauti iliyofanana sana na yangu.

Kujifunza kulikuja polepole, tena kupitia mkono.
Ulegeze. Gusa tu,
kama unavyogusa paji la mtoto mwenye homa.
Kwanza utasikia mashine ya vinywaji ikiguna pembeni: iache.
Utasikia maji taka yakiporomoka,
choo cha mtu aliyekosa usingizi: yaache.
Upepo kwenye nyaya. Uache.
Tumbo lako. Lisamehe, liache.
Mlio wa uvujaji haupandi wala haushuki,
haubishi hodi, hauna haraka;
ni shii moja nyembamba
iliyokuwepo kabla hujafika
na itakayokuwepo ukiondoka.

Nikamwuliza: nitajuaje kuwa ndiyo?
"Rudi kesho," akasema.
"Damu yako itakuwa imebadili nia. Bomba halibadili."

Novemba hii, mbele ya kinyozi aliyefunga duka,
nilisimama dakika arobaini. Baridi ikapenya soksi.
Nikasikia. Sikumwita mtu.
Nikarudi kesho yake, na keshokutwa.
Ilikuwa palepale, nyembamba vilevile.
Asubuhi walipochimba: ufa kama unywele,
na maji yakijipenyeza kimyakimya
kuelekea msingi wa nyumba ya watu waliolala.

Na kwenye sala? Sijui nikwambie nini.
Sijasikia sauti. Sijaitwa kwa jina.
Ninakaa benchi la nyuma, mkono umelegea,
naiacha friji ya sakristia igune,
naiacha hasira yangu ipite na maji yake machafu,
na chini ya hayo yote, jioni ya tatu sasa,
kuna kitu kisichopanda wala kushuka
chenye umbo la namba ya simu ya Kumamoto.

Sijapiga bado.
Nimeweka alama ya chaki.